Kompyuta inawaka jioni, asubuhi imegoma: kabla hujapiga windo tena angalia betri

Swali la dada mmoja wa Igoma, nimelifupisha: "Mwangaluka kaka. Nimenunua kompyuta ya mezani used, Dell OptiPlex 7010, watoto wasomee na mimi niweke hesabu zangu za dagaa. Nikapiga Windows 10 mwenyewe kwa flashi. Mwanzo ilikuwa ikijirestati inanirudisha pale pa kuchagua lugha, haiishi. Fundi akaja jioni akaingia F2 akabadilisha vitu viwili vitatu ikakaa vizuri, asubuhi nawasha inasema hamna diski ya kubuti. Alinionyesha vya kubadilisha kwa hiyo navibadilisha mwenyewe napiga windo upya, nimeshapiga mara nne, kila nikipiga inakubali, kesho yake imegoma au inaleta skrini ya bluu. Ikiwaka inaandika maneno meupe nabonyeza F1 inaendelea. Saa inarudi nyuma miaka, Google inakataa kufunguka, waifai haipo kabisa, maandishi makubwa, na printa yangu ya HP P1102 haiioni. Fundi anasema madabodi imekufa, anataka laki na themanini. Nimpe?"

Mwangaluka dada. Usimpe, angalau sio wiki hii, na hiyo flashi iweke kabatini kwanza upumzike.

Nimesoma maelezo yako nikagota pale uliposema jioni inawaka asubuhi imegoma, maana hapo umenipa karibu jibu lote. Madabodi, yaani ile bodi kuu ya ndani, ikifa haichagui mda, itakusumbua jioni na asubuhi. Kitu kinachoharibika usiku tu, tena kwenye kompyuta iliyozimwa, mimi nakitafuta kwenye umeme wa akiba. Naamini kwako ni kama kwa wengi wetu huku, mkienda kulala swichi ya ukutani inazimwa, wengine kwa ajili ya luku wengine kwa kuogopa radi, na radi za huku ziwani usiku mnazijua wenyewe. Hapo kompyuta inabaki haina umeme hata kidogo, na ndani kwenye madabodi kuna kibetri cha duara kinaitwa CR2032, cha volti 3, kazi yake ni kuifanya saa itembee wakati kompyuta haina umeme, na kwenye mashine za umri huo kinashika pia mipangilio ya bayosi, ile programu ndogo inayoamka kabla ya windo, ndo hiyo unayoingilia kwa F2. Hizo 7010 zilianza kutoka mwaka 2012, kwa hiyo kama betri haijawahi kubadilishwa ina zaidi ya miaka kumi humo ndani, imesafiri kwenye kontena, imekaa stoo, imefika Mwanza imekufa. Ni jambo la kawaida kabisa kwa kompyuta za mtumba, wala sio kasoro ya kukurudisha dukani kugombana.

Na yale maneno meupe unayoyaruka kwa F1 ndo kompyuta yenyewe ilikuwa inakuambia. Siku nyingine usiyaruke, yapige picha na simu. Nina uhakika mkubwa kuna mstari umeandikwa "Time-of-day not set", maana yake saa haijawekwa ingia ukaiweke. Karibu kila mtu anaruka hayo maneno kwa sababu F1 inakubali na kompyuta inaendelea, sasa kitu kinachoendelea nani atakisoma.

Sasa ntakueleza kwanini windo nne zimeshindwa, maana ukielewa hapa hutaibiwa tena. Vile vitu alivyobadilisha fundi kwenye F2 nadhani ni viwili. Cha kwanza ni njia ya kubuti, yaani namna kompyuta inavyoamka na kuiita windo, kuna Legacy ambayo ni ya zamani na UEFI ambayo ni ya kisasa. Windo ikipigwa kwa UEFI diski inagawanywa kwa mtindo wa GPT, ikipigwa kwa Legacy inagawanywa kwa MBR, na windo iliyopigwa kwa njia moja haiwaki ukiiita kwa njia nyingine. Cha pili kinaitwa SATA Operation, hicho kinaamua madabodi iongee na diski kwa utaratibu gani, AHCI au RAID On. Dell nyingi za kipindi hicho mipangilio yake ya kiwandani ni RAID On, na zile zilizotoka enzi za Windows 7 mara nyingi zinakuwa pia kwenye Legacy. Fundi kaja kaweka UEFI na AHCI, mimi pia ningeweka hivo hivo, windo imekaa, mmefurahi, kaondoka. Usiku swichi imezimwa, betri imekufa, bayosi imesahau kila kitu imerudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Asubuhi inatafuta windo kwa njia ya Legacy haioni kitu, inakuambia hamna diski. Au siku nyingine wewe unarudisha UEFI unasahau ile ya SATA, windo inaanza kuwaka halafu inakuta diski inaitwa kwa utaratibu ambao haikuandaliwa nao, inaleta bluu imeandikwa INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Diski nzima, windo nzima, madabodi nzima. Unafuta unapiga upya, unalala, tunaanza tena. Ungepiga hata mara ya kumi, tatizo halipo ndani ya windo hata siku moja.

Fundi wako simlaumu sana, yeye kaiona jioni tu. Ila laki na themanini kabla ya kubadilisha betri, hapana kwa kweli.

Kabla hata hujatoa hela kuna jaribio la bure. Leo jioni ingia F2, weka saa na tarehe sahihi, weka vile vitu vya fundi, sevu, zima kompyuta kawaida ila swichi ya ukutani iache imewaka usiku kucha. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa inakula umeme kidogo sana hata ikiwa imezimwa, na huo unatosha kushikilia saa bila betri. Asubuhi ukikuta saa iko sawa na inawaka, basi betri ndo mchawi. Kesho yake zima ukutani kama kawaida yenu, ukikuta imesahau tena umemaliza uchunguzi. Ukiamka ukakuta Tanesco walikata usiku au luku iliisha, hilo jaribio halihesabiki rudia. Na kama usiku kuna dalili ya mvua ya radi chomoa tu, jaribio litasubiri.

Betri yenyewe utaipata mjini kule Makoroboi au kwa hawa wanaouza saa na rimoti, bei yake haizidi chipsi mayai. Angalia iwe kwenye pakiti iliyofungwa na iwe imeandikwa CR2032, usikubali 2025 eti zinafanana, hiyo ni nyembamba inacheza kwenye kikalio chake. Kama kuna mtu ana mita mwambie apime pale pale, mpya inatakiwa isome volti 3 au zaidi kidogo, hiyo yako ya zamani ukiipima usishangae ikasoma moja na kitu.

Kubadilisha: zima, chomoa waya wa umeme kabisa, halafu bonyeza batani ya kuwashia uishike sekunde kadhaa imalize umeme uliobaki ndani. Fungua kifuniko cha pembeni, shika bati la kesi kabla hujagusa madabodi ili ule umeme wa mwilini utoke. Utakuta vumbi, na kama kompyuta imeshakaa karibu na dirisha lenye taa utakuta na wale wadudu wa ziwani wamekauka kwenye feni, pitisha brashi laini ya rangi, usipulize kwa mdomo mate yanaingia. Betri utaiona yenyewe, inang'aa ukubwa wa sarafu, pembeni yake kuna kikucha kidogo cha chuma, kisukume kwa bisibisi ndogo taratibu betri inaruka juu. Weka mpya upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ukiangalia wewe, bonyeza mpaka usikie imekaa. Watoto wadogo wasiisogelee hiyo betri hata ya zamani, ikimezwa ni hatari kweli inaunguza ndani kwa mda mfupi, itupe vizuri.

Ukiwasha italalamika mara ya mwisho kuhusu saa, safari hii usibonyeze F1, bonyeza F2. Weka tarehe, saa, halafu njia ya kubuti UEFI, SATA Operation weka AHCI, sevu toka.

Hapa sasa subiri kidogo kabla ya kukimbilia flashi. Windo yako ya mwisho bado imo kwenye diski, haijaenda popote, na uliipiga kwa mipangilio hiyo hiyo aliyokuonyesha fundi. Inawezekana kabisa ikawaka yenyewe. Kama haitambui diski jaribu Legacy, kama inaleta bluu rudisha RAID On ujaribu, michanganyiko ipo minne tu na kujaribu hakuharibu kitu. Ikiwaka kwenye mmojawapo iache hapo hapo, usiguse tena hiyo ya SATA.

Kama imegoma kote basi piga mara moja ya mwisho, ila kwa utaratibu. Washa huku unagonga F12, itakuletea menyu ya kuchagua pa kubutia, na kwenye Dell hizi flashi yako utaiona imeandikwa mara mbili, mara moja chini ya Legacy na mara moja chini ya UEFI. Hapa ndo watu wengi wanaliwa. Chagua ile ya chini ya UEFI. Ukichagua ya Legacy wakati diski iko GPT, utafika kwenye kuchagua patisheni (vile vipande vya diski) ikatae, inasema windo haiwezi kukaa kwenye diski hiyo kwa sababu ya mtindo wake. Kwa vile hamna kitu chako humo, futa patisheni zote za hiyo diski mpaka ibaki nafasi tupu moja, chagua hiyo tupu bonyeza endelea, usitengeneze kitu kwa mkono, itajigawa yenyewe. Hakikisha tu unafuta diski ya kompyuta sio flashi au diski ya nje yenye picha za harusi, chomoa kila kitu kingine kabla.

Halafu ile ishu yako ya mwanzo ya kurudishwa kwenye lugha: windo ikimaliza kukopi inajirestati, na kama bayosi imeambiwa ianze na flashi, inaanza na flashi kweli, unarudi mwanzo. Haijaharibika. Ikijizima tu kwa ajili ya kurestati mara ya kwanza chomoa flashi, itaendelea kutoka kwenye diski.

Flashi yenyewe inasemaje? Hujaniambia windo umeitoa wapi na hilo linanipa wasiwasi kidogo. Zile windo za kukopiwa mtaani zenye kila kitu ndani, Ofisi imo, kila kitu kimeshakrakiwa, antivirusi imezimwa makusudi, mimi siziweki kwenye kompyuta ambayo mtu anaingilia benki au anaweka hesabu za biashara. Shusha yenyewe kwenye tovuti ya Microsoft, ni zaidi ya GB 5, kwa hiyo bando la usiku au nenda sehemu yenye waifai ya maana, na hiyo programu yao ya kuandaa flashi ndo uitumie, au Rufus. Kukopi tu mafaili kwenye flashi kwa mkono mara nyingi kunagoma, kuna faili moja kubwa linaweza kuzidi GB 4 na flashi iliyofomatiwa FAT32 hailipokei. Na kama katikati ya kuinstoo inakupa kosa 0x80070570 ujue kuna faili limesomeka bovu, hapo sababu huwa ni flashi feki au upakuaji uliokatika, mara chache ramu. Flashi feki zimejaa, imeandikwa 64 ndani kuna 8, inapokea kila kitu kwa furaha halafu inarudisha takataka.

Haya, imewaka, uko kwenye deskitopu. Sasa fuata mpangilio huu, usianze na waifai.

Saa kwanza. Google inakukatalia kwa sababu kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta ikidhani tuko miaka kumi nyuma inaona vyeti vyote ni vya uongo na inakataa kufungua, halafu apdeti nazo zinagoma kwa sababu hiyo hiyo. Ukishabadilisha betri hilo limeisha, isipokuwa kitu kimoja ambacho kitakuchanganya: windo mpya mara nyingi inakuja na saa za Marekani upande wa magharibi, kwa hiyo utaona umepishana masaa kumi au kumi na moja ukadhani betri mpya nayo feki. Saa ikipishana miaka ni betri, ikipishana masaa kamili na dakika ziko sawa ni ukanda wa saa. Nenda kwenye mipangilio ya saa utafute UTC+03:00, Dar es Salaam hutaiona kwenye orodha, chagua Nairobi, saa zetu ni zile zile.

Intaneti ya pili. Chukua simu ya Android na ule waya wake wa kuchajia (uwe unaopitisha data, kuna nyaya zinachaji tu), chomeka kwenye kompyuta, kwenye simu nenda kwenye hotspoti washa ile ya kugawa intaneti kwa USB. Windo itaiona simu kama kadi ya mtandao bila kuitafutia draiva yoyote, yaani ile programu ya kuendeshea kifaa. Hii ndo njia yangu kila mahali, maana bila intaneti hupati draiva na bila draiva hupati intaneti, simu inakutoa hapo. iPhone inasumbua kidogo inataka programu yake, azima tu ya Android kwa jirani.

Ila angalia bando lako jamani. Windo mpya ikipata intaneti inashusha apdeti bila kukuuliza, utashangaa GB zimeisha hujafungua hata ukurasa mmoja. Ukishaunganisha simu nenda kwenye mipangilio ya mtandao, fungua huo mtandao, washa ile inayosema metered, yaani mtandao wa bando la kuhesabu. Baada ya hapo apdeti nyingi zitasubiri. Lakini sasa na draiva nazo zitasubiri, kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya vifaa, pale kwenye bluetooth, chini kuna kisanduku cha kuruhusu kushusha draiva kwenye mtandao wa metered, kitie tiki. Watu wanasahau hiki halafu wanalalamika skrini imebaki vile vile siku tatu.

Skrini yako yenye maandishi makubwa haina shida yoyote, windo inatumia draiva ya dharura ya Microsoft kwa sababu haijapata ya Intel. Iache ipate intaneti, bonyeza kutafuta apdeti, draiva ya Intel itakuja, skrini itapepesa itakuwa nyeusi kidogo halafu maandishi yatakuwa ya kawaida. Kama haikuja nenda tovuti ya Dell, andika ile sevisi tagi iliyobandikwa kwenye kesi, ni herufi na namba, jumla yake saba, watakupa draiva za mashine yako hasa. Zile programu za kukutafutia draiva zote kwa mkupuo achana nazo, zinakuja na mizigo yao.

Waifai sasa, na hapa ntakuvunja moyo: inawezekana kabisa hakuna waifai humo ndani. Hizi OptiPlex zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi, zinachomekwa waya wa mtandao ukutani, nyingi hazijawahi kuwa na kadi ya waifai tangu kiwandani. Hakuna draiva itakayoleta kifaa ambacho hakipo. Angalia nyuma kama kuna antena au matundu ya kufungia antena, fungua na Device Manager, ile orodha ya vifaa ndani ya windo, uangalie kwenye kundi la mitandao, ukikuta kuna ile ya waya ya Intel tu na hakuna kitu chenye alama ya njano ya mshangao basi ndo hivo, haipo. Nunua kile kidude cha waifai cha kuchomeka kwenye USB, au kama raota iko karibu vuta waya, waya hautakusumbua hata siku moja. Mtu akikuambia atakutafutia draiva ya waifai kwa hela muulize kadi yenyewe iko wapi akuonyeshe.

Kuhusu leseni, na hii inarudi kwenye ile madabodi. Kompyuta ya used mara nyingi mwenye nayo wa kwanza alishaiaktiveti Windows 10, na Microsoft wanaikumbuka leseni hiyo kwa kutambua madabodi. Kwa hiyo wakati wa kuinstoo sema huna namba, chagua Pro maana za maofisini nyingi zilikuwa Pro, ukiingia tu mtandaoni inaweza kujiaktiveti yenyewe bila krak yoyote. Ukichagua Home wakati leseni ni ya Pro haitakubali. Sasa fikiria ungebadilisha madabodi nzima bila sababu, na hiyo leseni ungeiaga.

Madabodi iliyokufa kweli unaijua kwa mambo mengine: hata ikiwa imechomekwa siku nzima inazimika yenyewe, au taa ya batani inapepesa rangi ya chungwa haiwaki, au haionyeshi kitu skrini hata ukibadilisha ramu na waya wa skrini. Yako haina hata moja. Kama una wasiwasi na diski, bonyeza F12 chagua Diagnostics, Dell wameweka kipimo chao humo humo ndani, kiache kimalize. Kikikupa kosa 2000-0142 diski imeharibika, hapo nunua SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, usitafute hadidiski nyingine ya used. Hata kama ni nzima, ukipata hela ya SSD ya GB 240 nunua, kwenye hadidiski ya zamani Windows 10 siku za mwanzo inajichunguza na kujiapdeti diski inakaa asilimia mia kompyuta inaganda ganda, sio kuharibika, ila inachosha roho.

Kitu kingine hujaniuliza ila lazima niseme, Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa nyongeza wa viraka vya usalama hadi Oktoba 2026, unajiunga ndani ya apdeti kwa akaunti ya Microsoft, jiunge. Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0, hicho ni kichipu cha usalama, na kwa Intel prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, yako ni ya 3, watu wanailazimisha kwa Rufus na inawaka lakini mimi simshauri mtu anayetegemea kompyuta moja nyumbani, apdeti kubwa ikija inaweza kugoma ukabaki unahangaika. Ushauri wangu kwa hizo hesabu za dagaa na masomo ya watoto ni kujaribu Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows, toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029, ni bure, inakaa vizuri kwenye mashine kama hiyo, na unaweza kuionja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. LibreOffice, programu ya bure ya kazi za Ofisi, itafungua mafaili yako mengi ya Excel. Kama kuna programu ya biashara inayotaka Windows lazima, basi baki na 10 na ujiunge na ule mpango, na hesabu zako kopi kwenye flashi nyingine kila wiki.

Na ile P1102. Ukiichomeka tu inajitokeza kama sidii kwenye kompyuta yako, hiyo ni HP waliweka draiva ndani ya printa yenyewe, sio kirusi. Kwenye Windows 10 mimi situmii hiyo ya ndani, nashusha mpya tovuti ya HP. Ichomoe kwanza, anza kuinstoo, fika mpaka pale inaposema unganisha printa, hapo ndo uchomeke waya wa USB.